Mdomo wa Mbwa Haushikwi: Historia ya Katazo la Wazee na Njia Iliyotufikisha Kwenye Kusafisha Meno



Siku chache zilizopita tulikuwa kwenye mkutano wa kijiji. Ajenda ilikuwa josho na chanjo za ng'ombe. Tulipofika kwenye mengineyo, mama mmoja alinyoosha mkono akasema, "Bwana mifugo, mbwa wangu wa zizini ananuka mdomo, chakula anakiacha, na jino moja la nyuma linatikisika. Nimsafisheje?"

Watu wakacheka. Wengine wakauliza kama mbwa naye anunuliwe dawa ya meno. Mzee mmoja aliyekaa mbele hakucheka. Alimgeukia yule mama akamwambia taratibu, "Mayu, mdomo wa mbwa haushikwi. Sisi tulikatazwa tangu tunachunga."

Nilimjibu mama kwa kifupi, na jibu kamili liko mwishoni mwa makala hii. Lakini nilirudi nyumbani nikiifikiria kauli ya mzee. Ingekuwa rahisi kwangu, mwenye stashahada na koti jeupe, kusema kwamba hiyo ni imani ya kale. Mzee hakukosea. Katazo lile lilikuwa na sababu, na limeokoa maisha ya watu wengi. Kilichobadilika ni kwamba leo tunayo njia ya kuiondoa ile sababu. Asiyejua njia hiyo ilipatikanaje anaweza kuchukua kitambaa na maji ya uvuguvugu, akamfungua mbwa mdomo kwa nia njema kabisa, na akaondoka na kifo mkononi.

Kwa hiyo leo nawaombeni tuanze na historia kwanza, halafu tuje kwenye kitambaa.

Mbwa mgonjwa wa miaka 14,000 iliyopita

Meno ni daftari la mwili. Nyama huoza, ngozi huisha, lakini jino hubaki, na ndani yake yameandikwa mambo ambayo mwenye mbwa hakuyaandika popote.

Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, wachimba mawe walikuta kaburi la zamani sana. Ndani yake kulikuwa na mifupa ya mwanamume, mwanamke na mbwa. Kaburi hilo lina umri wa miaka ipatayo 14,000. Ni miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi duniani unaoonyesha binadamu na mbwa wakiishi pamoja na kuzikwa pamoja.

Mwaka 2018, watafiti wakiongozwa na Luc Janssens walichapisha matokeo ya kuyasoma upya meno ya mbwa yule. Waligundua kwamba alikufa akiwa na umri wa wiki 27 au 28 tu. Meno yake yalikuwa na kasoro kwenye ile sehemu ngumu ya juu inayong'aa, kasoro zinazoonyesha kwamba aliugua sana akiwa mdogo, kati ya wiki ya 19 na ya 23. Ugonjwa wanaoudhani ni distempa, ambao mpaka leo unaua watoto wa mbwa hapa kwetu. Hata kinywa chake hakikuwa salama, kwani alikuwa na ugonjwa wa fizi.

Mbwa mchanga mwenye distempa anaharisha, anatapika, anakosa nguvu, na mara nyingi hufa haraka. Huyu aliugua, akapata nafuu, akaugua tena, na bado akaishi wiki kadhaa. Watafiti wanaona kwamba asingeweza kufika hapo bila mtu wa kumpa maji, kumlisha na kumweka mahali pa joto. Katika umri ule na hali ile, hakuwa na faida yoyote kwenye mawindo wala kwenye ulinzi. Walimtunza tu.

Naanza na habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, kumtunza mbwa mgonjwa si mambo ya watu wa mjini wenye pesa za kuchezea. Ni kazi ya binadamu tangu kabla ya kilimo na kabla ya ng'ombe. Ya pili ni ya kukusaidia nyumbani leo. Mbwa mkubwa mwenye meno yenye vishimo au mistari ya kahawia yawezekana aliugua sana utotoni, wakati meno yake ya ukubwani yalikuwa bado yanajengwa ndani ya fizi. Uchafu huo hautoki kwa kusugua, na ukikwangua kwa kisu utamwumiza bure.

Mdudu wa chini ya ulimi

Kama binadamu wa kale walimtunza mbwa hivyo, basi hofu ya mdomo wake ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukaa kwenye mate. Mtu akishaonyesha dalili zake, karibu hakuna anayepona. Kwa maelfu ya miaka watu waliona mambo mawili tu: mbwa ameuma, mtu amekufa kwa mateso. Katikati hapo hawakuona kitu, kwa hiyo walibuni.

Mwandishi wa Kirumi aitwaye Plinius, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba chini ya ulimi wa mbwa kuna mdudu mdogo, na kwamba mdudu huyo akitolewa mbwa angali mtoto, hatapata kichaa. Watu wa Ulaya waliamini hivyo mpaka karne ya 19. Walikuwa wakiwashika watoto wa mbwa, wanawapasua chini ya ulimi na kutoa kitu fulani cheupe kama uzi.

Kile kitu kipo kweli. Ukimchunguza mbwa utakikuta. Ila si mdudu, ni sehemu ya kawaida ya ulimi wake. Watoto wa mbwa waliumizwa kwa karne nyingi, na kichaa kiliendelea kama kawaida.

Tusiwacheke Wazungu hao haraka. Wengi wetu tunalijua jambo la "meno ya plastiki". Mtoto mchanga anapata homa na kuhara, anapelekwa kwa mtu anayempasua fizi na kutoa kitu cheupe laini, mama anaambiwa hiyo ndiyo sababu ya ugonjwa. Kile kitu ni chipukizi la jino la mtoto mwenyewe. Ugonjwa unabaki palepale, na kidonda kichafu kinaongezeka. Ni kosa lilelile la Plinius: ugonjwa usioonekana unatafutiwa kitu kinachoonekana mdomoni, kisha kinakatwa.

Wazee wa Usukuma hawakumpasua mbwa ulimi. Wao waliweka katazo: mdomo wa mbwa haushikwi. Mbwa akianza kuonekana wa ajabu, watoto waondolewe, auawe. Katika hali ambayo hakuna dawa wala chanjo, hiyo ilikuwa hatua yenye akili kuliko kisu cha Ulaya.

Mtoto wa Alsace, na sheria ya Japani

Mabadiliko yalianza Julai 6, mwaka 1885, mjini Paris. Siku hiyo Louis Pasteur aliletewa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, kutoka Alsace. Alikuwa ameumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa siku mbili kabla. Pasteur na wenzake walikuwa wametengeneza chanjo kwa kukausha uti wa mgongo wa sungura waliokuwa na ugonjwa huo, mpaka nguvu ya ugonjwa ikapungua. Walikuwa wameijaribu kwa mbwa. Mtoto yule alichomwa sindano 13 kwa siku kadhaa, na hakupata kichaa.

Habari zilienea dunia nzima. Lakini tazameni jambo moja. Chanjo ya Pasteur ilimsaidia mtu aliyekwisha kuumwa. Mbwa mwenyewe alibaki vilevile, na mdomo wake ukabaki na hatari ileile.

Hatua ya pili ndiyo inayotuhusu sisi wafugaji. Mwaka 1921, Wajapani wawili, Umeno na Doi, walichapisha taarifa za chanjo ya mbwa wenyewe iliyotolewa kwa sindano moja. Mwaka 1950 Japani ikatunga sheria ya kuzuia kichaa cha mbwa: mbwa waandikishwe, wachanjwe, na wanaozurura wadhibitiwe. Mwaka 1957 ugonjwa ukakoma nchini humo. Miaka 7 tu tangu sheria ipite. Hawakuwa na dawa ya miujiza. Walikuwa na sindano, daftari na msimamo.

Yaliyotokea kwetu Kanda ya Ziwa

Hapa Tanzania ugonjwa huu umejulikana tangu enzi za Mwingereza, miaka ya 1930. Kwa muda mrefu silaha kuu ilikuwa bunduki na sumu. Mnaofuga mnajua kwa nini hiyo haimalizi tatizo. Ukiua mbwa wa kijiji kimoja, makombo na mifupa bado ipo, fisi bado wanakuja zizini, kwa hiyo watu wanatafuta mbwa wengine. Wanaoletwa ni watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote. Unakuwa umeondoa hata wale wachache waliochanjwa.

Mwaka 1994 ulitokea msiba uliofumbua macho ya wengi. Simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kupata degedege na kufa. Takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi waliangamia. Uchunguzi ulipokamilika, ugonjwa ulikuwa distempa, uleule wa mbwa wa Oberkassel, na kirusi chake kilifanana na kile cha mbwa wa vijijini. Mbwa wa maboma ya wafugaji kando ya hifadhi, ambao hakuna aliyekuwa akiwahesabu, walikuwa wamewafikishia simba ugonjwa.

Baada ya hapo mbwa wa kijijini akaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Kuanzia Oktoba 1996, watafiti wakiongozwa na Sarah Cleaveland, pamoja na wataalamu wa mifugo wa Kitanzania, walifanya kampeni za kuchanja mbwa katika vijiji vya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Utaratibu ulikuwa rahisi: siku moja inatangazwa, kituo kinawekwa, watu wanaleta mbwa wao. Kila kampeni ilifikia kati ya asilimia 60 na 75 ya mbwa. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya ya pili kilipungua kwa asilimia 97. Watu waliofika hospitalini wakiwa wameumwa na mbwa wa kutiliwa shaka nao wakapungua.

Nataka hesabu hii ikae kichwani. Mbwa hawakuuawa. Maboma hayakuhamishwa. Mbwa walewale wa kienyeji, wenye viroboto na mbavu za kuonekana, waliacha kuwa hatari kwa sababu wengi wao walichomwa sindano moja kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza tufikie asilimia 70 ya mbwa. Kijiji chenye mbwa 200, wachanjwe 140 angalau.

Somo jingine linatoka kisiwani Pemba. Kwa kampeni za kuchanja zilizoanza mwaka 2010, Pemba ilifika mwaka 2014 bila kichaa. Uchanjaji ukalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kisiwani. Wakachanja upya, na mwaka 2018 wakaumaliza tena. Kama kisiwa kilichozungukwa na bahari kinaweza kuletewa kirusi, je, sisi ambao mbwa wanafuatana na ng'ombe wa mnadani na vijana wanahama nao kutoka Mwakitolyo kwenda Nyarugusu?

Wapo wanaosema kijijini haiwezekani kwa kuwa hatuna friji. Mwaka 2016 zilichapishwa taarifa za jaribio lililofanywa hapahapa Tanzania, likionyesha kwamba aina mojawapo ya chanjo ya kichaa inayotumika nchini ilibaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi 6 kwenye joto la nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Hii haina maana ununue chanjo uiweke juani au mfukoni. Ina maana kwamba mtaalamu anaweza kuibeba kwa uangalifu mpaka kitongoji cha mwisho, na kisingizio cha umbali kimepungua.

Mfupa uliokwama ambao haukuwa mfupa

Sasa nisimulie kwa nini nasisitiza historia hii kwenye makala ya meno.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, niliitwa kwenye kambi moja ya wachimbaji wadogo. Kijana mmoja alikuwa na mbwa mlinzi. Mbwa alikuwa ameachama, taya la chini limening'inia, mate yanachuruzika, hawezi kumeza hata maji, na sauti imekauka. Kijana alimpenda mbwa wake. Akaamini kwamba mfupa wa kuku umemkwama kati ya magego. Akaingiza mkono mdomoni akapapasa mpaka kooni. Hakukuta mfupa. Akanipigia simu nilete koleo la kung'olea jino.

Mbwa yule hakuwa na historia ya chanjo. Nilipofika na kumtazama kwa mbali, moyo uliniruka. Kichaa si lazima mbwa awe mkali na kukimbia ovyo. Kuna namna yake ya kimya: taya linapooza, koo linapooza, mbwa anakaa kama anaumwa jino. Watu wengi wameambukizwa kwa njia hii, wakijaribu kumsaidia.

Tulimwosha kijana mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, vidole vilikuwa na michubuko ya kazi ya mwamba, kisha nikampeleka hospitali siku hiyohiyo. Alichomwa sindano za mfululizo kama mganga alivyoelekeza. Mbwa alikufa siku ya pili. Kijana yu hai, na tukionana hunitania kwamba mimi ndiye niliyekataa kumng'oa mbwa jino.

Kama ningekuwa nimekwenda na koleo, tungekuwa wawili. Ndiyo maana nilisema mzee wa mkutanoni hakukosea.

Je, mbwa wa zamani hawakuwa na shida ya meno?

Kuna hoja nyingine husemwa: mbwa wa mababu walitafuna mifupa ya porini, meno yakajisafisha, haya maradhi ni ya ugali na makombo.

Hoja hii ina ukweli nusu. Kutafuna kitu kigumu kiasi kunapunguza ukoga. Ukoga ni ule utando laini unaojijenga kwenye meno kila siku. Ukiachwa siku chache huanza kuwa mgumu, unageuka ugaga, ile gamba la njano au kahawia karibu na fizi. Ugaga hautoki kwa kitambaa. Fizi huvimba, hutoka damu, hurudi nyuma, na jino linaanza kutikisika. Mbwa anayekula ugali laini, michembe iliyolowekwa na mchuzi peke yake anajenga ukoga bila kitu cha kuupangusa.

Lakini mwaka 1999, Gerhard Steenkamp na Cecilia Gorrel walichapisha uchunguzi wa mafuvu ya mbwa mwitu wa Afrika, wanyama ambao hawajawahi kuonja ugali wala kulishwa na mtu. Walikuta dalili za ugonjwa wa fizi kwa wengi, meno yaliyochakaa kwa walio wengi, na meno yaliyovunjika kwa karibu nusu yao. Porini kwenyewe hakukuwa na kinywa kisafi. Mbwa mwitu aliyevunjika jino alivumilia au alikufa, na hakukuwa na mtu wa kuhesabu.

Huku machimboni mifupa imekuwa hatari zaidi, kwa sababu mbwa wengi wanakula mabaki ya mama lishe: mifupa ya kuku ya kukaanga na ya mbuzi iliyochomwa. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Unachoma fizi, unakwama, unatoboa utumbo. Wengine wanawarushia mbwa mawe wayadake kwa mchezo. Jiwe linavunja chonge, na chonge ndilo jino ambalo fisi analiheshimu.

Kitambaa na maji: utaratibu wa nyumbani

Sasa tumefika. Fuata mpangilio huu, usiruke hatua ya kwanza.

1. Chanjo kwanza. Mbwa achanjwe kichaa kila mwaka, na ukipata uwezo achanjwe na distempa pia. Tunza kadi yake. Ikitangazwa siku ya kuchanja, leta mbwa wote. Ukisikia ada ni mzigo, linganisha na gharama ya sindano za mtu mmoja aliyeumwa, pamoja na nauli na siku za kazi zinazopotea.

2. Mtazame kabla ya kumgusa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetoa mate mengi, aliyeachama, asiyeweza kumeza au aliyekauka sauti, usimfungue mdomo hata kama amechanjwa. Mfungie, ondoa watoto, mwite mtaalamu wa mifugo. Aliyeguswa na mate kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, au aliyeumwa, aoshe kwa sabuni na maji mengi dakika 15, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asisubiri kuona mbwa atafanyaje.

3. Mzoeshe angali mdogo. Mtoto wa mbwa huanza kuota meno akiwa na wiki 3 hivi. Meno ya utoto ni 28. Akifika miezi 6 au 7 huwa amemaliza kubadilisha, anakuwa na meno 42. Huo ndio wakati wa kumzoesha: mguse shavu, inua mdomo wa juu sekunde chache, mpe kipande cha chakula, mwache. Wafanyabiashara mnaonunua mbwa wa kulinda duka, hapo pia mnapata kipimo: mbwa mwenye meno madogo yenye ncha kama sindano bado ni mtoto, msidanganywe kwamba ni mwaka mmoja.

4. Pangusa upande wa nje. Funga kitambaa safi cha pamba kwenye kidole, au tumia mswaki laini wa mtoto. Chovya maji safi ya uvuguvugu. Huna haja ya kuachamisha mdomo. Inua mdomo wa juu tu, pangusa chonge na magego, hasa pale jino linapokutana na fizi. Nusu dakika kila upande inatosha. Kila siku ni bora zaidi, na ukishindwa, fanya mara tatu au nne kwa wiki. Akinguruma, acha, jaribu kesho.

5. Usitumie dawa ya meno ya binadamu. Mbwa hajui kutema. Madini ya floraidi humdhuru akiyameza kila siku, na baadhi ya dawa zina utamu wa bandia uitwao zailitoli, ambao unaweza kumwua mbwa. Usitumie pia majivu, mchanga wala dawa za kufulia.

6. Chagua cha kutafuna. Usimpe mifupa iliyopikwa, mawe wala mbao ngumu. Kipande cha ngozi ngumu ya ng'ombe iliyokaushwa vizuri, kikubwa asichoweza kukimeza kizima, ni bora zaidi. Kanuni ya kidole gumba: kama ukucha wako hauwezi kukibonyeza hata kidogo, kitamvunja jino.

7. Jino bovu si la koleo la nyumbani. Magego ya mbwa yana mizizi miwili au mitatu. Ukivuta kwa nguvu unavunja mzizi, na hata taya linaweza kuvunjika. Harufu kali, damu, uvimbe chini ya jicho, au kutafuna upande mmoja: mpeleke kwa daktari wa mifugo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumng'oa jino bila ganzi ni mateso.

Tulikoishia na yule mama

Jumamosi iliyofuata nilipita bomani kwake. Kwanza aliniletea kadi ya chanjo, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki ya mjukuu wake. Mbwa alikuwa amechanjwa kwenye kampeni iliyopita. Tulimfunga kamba, mjukuu akamshika kichwa, nikainua mdomo. Ugaga mwingi, fizi nyekundu, gego moja la juu limelegea kabisa. Hilo nililiandikia rufaa kwa daktari wa wilaya. Meno yaliyobaki mazima tuliyapangusa kwa kipande cha khanga ya zamani, na mama akaendelea mwenyewe nikimtazama.

Yule mzee wa mkutanoni ni jirani yake. Alisimama kwenye uzio wa minyaa akitutazama muda wote. Tulipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo katazo letu limekwisha?"

Nikamwambia, "Hapana, baba. Limepata kadi."

Aliguna, akasema ana mbwa watatu na hakuna hata mmoja mwenye hiyo kadi, na akauliza siku ya kuchanja ni lini. Kwa hiyo kwa yeyote asiyekuwepo mkutanoni: ulizia tarehe kwa mwenyekiti wa kitongoji chako au kwa mtendaji wa kijiji, na siku hiyo leta mbwa wote, hata wale unaosema si wako lakini wanalala uani kwako.